Jina Langu Lilivyoenda Canada

Habari ilinipata nikiwa juu ya marobota ya nyasi. Ninauza nyasi kavu ya ng'ombe hapa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, na siku hiyo nilikuwa nimepanda juu kumteremshia mteja mzigo. Simu ikalia. Kijana wangu, ambaye yuko Canada tangu alipoenda kusoma, akasema, "Mum, ni msichana." Nikaketi huko huko juu kama kuku anayetaga. Halafu nikapiga vigelegele mpaka mbuzi wa watu wakatawanyika.

Sisi Wakikuyu hatuna shida ya kutafuta jina. Msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake, kwisha. Yaani ni mimi. Na si kuitwa tu, anakuwa mimi. Baba yake atamwita mama, na akianza utundu watu watasema, ni shosho huyo, nyanya yake, ameamka. Kwa hivyo sikuuliza mtoto anaitwa nani. Mtu anauliza jina lake mwenyewe? Niliteremka, nikanunulia kila mtu soda, nikatangaza kwamba nimezaliwa Canada. Mama anayeuza chakula cha kuku mlango wa pili, mwanamke wa maneno huyo, aliniangalia kutoka kichwa hadi viatu, akasema kama nimezaliwa leo basi nimezaliwa na magoti mabaya. Nikamwambia asubiri, mapya yako njiani.

Furaha hiyo ilidumu mpaka kijana alipopiga simu tena. Aliongea akizunguka zunguka kama mtu amebeba gunia na haoni pa kuliweka. Jina bado, akasema. Mke wake ni Mmaasai wa Kajiado, msichana mrefu, mwenye heshima, nampenda sana. Kwao mtoto hapewi jina hivi hivi tu. Mama na mtoto wanafuga nywele kwanza, siku yao ikifika wananyolewa, ndipo jina linatolewa na baraka. Mama ya mke wake alikuwa amesema ni lazima. Hapo ningevumilia. Lakini kijana akaongeza kwamba wanafikiria pia jina rahisi, ambalo Wazungu hawatalivunja. Nikamuuliza kama Wazungu wameweza kutamka majina ya dawa zao, langu hili dogo litawashinda namna gani. Nikamsikia mke wake akicheka huko nyuma, na hicho kicheko kikanipa moyo.

Kilichoniuma alikisema mwisho. Huyu mtoto ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho. Huko wanazaa mmoja, wanafunga duka. Kwa desturi yetu msichana wa pili angekuwa mama ya mke, kila shosho apate wake, vita hakuna. Sasa kulikuwa na mtoto mmoja na shosho wawili, na yule mwingine ndiye aliyeshika wembe.

Sikungoja. Asubuhi nikafunga kitambaa cha kanisa, nikanunua sukari, majani ya chai na blanketi zito, nikaenda Kajiado. Kutoka mjini pikipiki ilinipeleka ndani kabisa, mpaka miti ikaisha ikabaki miiba.

Mkwe wangu, mama ya mke wa kijana, alinipokea mlangoni. "Takwenya," akanisalimia. "Iko," nikajibu, na Kimaasai changu kinaishia hapo. Tulikunywa chai ya maziwa ya kibuyu, ile inayonukia moshi. Tukaongea mvua, tukaongea ng'ombe. Akanilaumu kwamba sisi wa Kitengela tunauza nyasi ghali kama tumeishona kwa mkono. Nikamwambia aje ashone yake. Tukacheka, lakini roho yangu haikuwa kwa nyasi.

"Mama," nikasema, "nimekuja kuchukua jina langu."

Alipuliza chai yake. "Si uko nalo? Naona bado unalitumia."

"Nataka mtoto alichukue."

"Wewe unachukua, mtoto anachukua. Nani anaomba hapa?"

Mimi kuomba sijui. Nimelea watoto bila mume, nyasi mgongoni, na nilichotaka nilikifuata nikakishika. Lakini nilimwangalia huyu mwanamke. Msichana wake pia yuko mbali. Yeye pia hajamshika huyo mtoto. Yeye pia ako na jina. Nikaweka kikombe chini.

"Naomba," nikasema. Neno lilitoka kama jino.

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Nywele kwanza," akaniongezea chai.

Wacha niwaambie, nilikaa kama mtoto wa shule anayengoja matokeo. Kila simu ikipigwa nilikuwa namwambia mke wa kijana ageuke nione nywele zimefika wapi. Mama wa chakula cha kuku alikuwa ananiuliza kila asubuhi kama nimeshazaliwa ama bado nasukumwa.

Siku ikafika, nikarudi Kajiado. Wanawake walikuwa wamejaa uani na shanga zao, simu imeegemezwa kwa kopo la sukari. Kwetu jua lilikuwa linachoma. Kwao Canada ilikuwa asubuhi na theluji dirishani. Mke wa kijana alikuwa ameketi jikoni, shuka mabegani, na kijana wangu, ambaye hata viazi anamenya vibaya, ndiye alikuwa ananyoa. Alikuwa na bakuli la maji yenye maziwa na jasho usoni. Wanawake wakawa wanamwongoza kutoka Kajiado: hapo nyuma ya sikio umeacha malisho. Kisha akamnyoa mtoto, polepole. Kichwa kikatokea, kikubwa mbele, bapa nyuma. Nikakijua. Ni changu hicho.

Mkwe akasimama. Akaomba kwa Kimaasai, wanawake wakiitikia "Naai", na mimi nikaitikia kuwashinda, maana sala hata usipoielewa usiiache ikupite. Halafu akasema kwa Kiswahili, ndio nisikie:

"Mtu akitoka kwake akaja kuomba ndani ya nyumba yako, humnyimi."

Akainama kwa simu, akamwita mtoto. Akaita jina langu.

Sasa mnielewe. Hilo jina hakuna mtu huniita. Tangu nijifungue mimi ni mama ya fulani, halafu nikawa shosho. Wa mwisho kuliita hivyo, lote, kwa sauti ya kufika mbali, alikuwa mama yangu akiwa ng'ambo ya shamba. Kwa hivyo kabla sijafikiri nilikuwa nimesimama, nikajibu kwa nguvu, "Niko hapa."

Wanawake wakaangukiana kwa kicheko. Simu nayo ikacheka, Canada yote. Mkwe akanivuta sketi.

"Keti, mama. Hatujakuita wewe."

Nikaketi. Akaita tena, na mara hiyo nikaufunika mdomo wangu kwa mikono yote miwili.