Mitungi Ishirini ya Nyanya

Siku nilipozindua kisima changu Kitengela, fundi wa pampu aliniachia heshima ya kufungua koki mwenyewe. Bomba lilikohoa, likatema maji mekundu ya udongo, kisha yakaja safi. Majirani walipiga makofi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, maana mimi si mwanamke wa kukosa maneno: nimekaa Dubai miaka kumi na miwili, diploma yangu ya biashara iko ukutani ndani ya kioo, na nyumba hii ya mawe unayoiona nimeijenga bila mkopo wa mtu. Lakini mama mmoja alisukuma mtungi wake mtupu chini ya koki, na maji yalipogonga kitako chake, hotuba yote ilinitoka. Watu walidhani ni furaha. Mimi nilikuwa nimerudi mbali, kwenye kivuli cha tangi letu la mabati, Jumapili alasiri, nyanya yangu akigawa karata.

Kama uliishi Kitengela mwishoni mwa miaka ya tisini, hutahitaji kuelezwa habari za vumbi. Lilikuwa ndani ya chai, ndani ya nywele, ndani ya daftari za shule. Nyumba zetu zilikuwa chache, za mabati, na nyuma yake uwanda ulikwenda mpaka macho yachoke. Baba alifanya kazi Kajiado mjini na alikuja mwisho wa mwezi. Mama aliuza nyanya na vitunguu sokoni kila siku, hata Jumapili baada ya kanisa. Kwa hiyo aliyenilea hasa ni nyanya, mama yake baba, aliyekuja kutoka Ukambani na mikono mikubwa, sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na pakiti ya karata zilizolainika kama kitambaa.

Karata alizijua tangu ujana wake, alipokuwa akipika kwa mzungu mmoja mwenye ranchi kule Athi. Kila Jumamosi wageni wa mzungu walicheza poka, na nyanya, akipeleka sahani na kutoa sahani, aliusoma mchezo mzima bila mtu kumfundisha. Hakujua kusoma barua, lakini alijua kumsoma mtu akishika karata tano.

Sisi hatukucheza pesa. Tulicheza maji. Nyanya alikuwa na kopo la maharagwe ambayo hayakupikwa hata siku ya njaa, na kila mchezaji alipewa ishirini. Haragwe moja lilikuwa mtungi mmoja wa lita ishirini. Ukipoteza matano, wiki hiyo unamchotea mshindi mitungi mitano, mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso kama wanavyobeba akina mama wa Ukambani. Na sheria ya nyanya ilikuwa moja: aliyeshindwa anabeba mwenyewe. Hatumi mtu, hakodi punda.

Tulikuwa wachezaji watatu: nyanya, mimi, na jirani yetu, mama wa Kimaasai aliyekuja na kigoda chake na kutusalimu "Supa" kwa Kimaasai kabla hajafika. Meza ilikuwa kreti ya soda iliyogeuzwa. Mwenye duka ng'ambo ya njia, mama Mwislamu kutoka Garissa, hakukubali kamwe kuketi nasi.

"Mama, hiyo ni kamari," angesema akiegemea mlango wake.

"Kamari gani? Hii ni maharagwe," nyanya angejibu.

"Hayo maharagwe ni maji. Na maji si kitu ya kuchezewa."

Nyanya angecheka na kugonga tangi kwa kifundo cha kidole, kama daktari anavyogonga kifua. Likijaa, lilijibu kwa sauti nzito. Likipungua, sauti ilipanda. Sisi watoto wa pale tulijua kiasi cha maji kwa masikio.

Sasa nikueleze alichonifundisha, kwa sababu ndicho kilichonijengea nyumba. Watu wengi hudhani kazi ya mchezo ni kupata karata nzuri. Nyanya alisema karata nzuri huja yenyewe, hata kwa mjinga. Kazi ni kulipwa. Mjinga akipata karata kubwa anarusha maharagwe yote katikati, wenzake wanaogopa, wanalaza karata zao, naye anabaki na karata nzuri na haragwe moja. "Umewika kama jogoo na hakuna aliyeamka," alikuwa akinicheka.

Alinifundisha kuitisha kiasi ambacho mwenzako atasema, aa, hiki si kitu. Mbili. Halafu tatu. Aliyekwisha kuweka tano hataondoka kwa ajili ya tatu. Kisha alinifundisha kuwa kila mtu ana kiasi chake. Jirani yetu alikuwa mwoga wa hasara lakini hakuweza kulala bila kujua una nini mkononi. Huyo alitozwa kidogo kidogo mpaka mwisho.

"Na wewe, nyanya?" nilimuuliza siku moja. "Wewe unatozwa aje?"

Alichanganya karata. "Mimi? Mimi sipendi kudanganywa. Ukitaka kunila, nifanye nione unanidanganya."

Alisema hivyo mwenyewe. Nami nilikuwa darasa la sita, wa kwanza katika darasa langu, na sikusahau.

Mvua haikuja mwaka ule. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na hata iliyotangulia ilikuwa imetudanganya. Ng'ombe walipita nyumba zetu wakielekea mahali ambapo hakuna aliyepajua, na baadhi yao walilala kando ya njia wakabaki hapo. Upepo ukigeuka tulifunga madirisha. Ndege wakubwa wenye shingo tupu walikaa juu ya nguzo za ua bila kuogopa mtu, kama wageni walioitwa mapema. Kioski cha maji karibu na kanisa kilifunguliwa siku moja, kikafungwa siku mbili. Tangi letu, ukiligonga, lililia kama kengele.

Maji yaliyobaki karibu yalikuwa katika shimo la zamani la kuchimba mawe, upande wa kuelekea mtoni. Kuta zake zilikatwa wima, na njia ya kushuka ilikuwa ya kokoto zilizolegea. Watoto tulikatazwa kufika pale. Nyanya mwenyewe ndiye aliyetukataza. "Kule chini hakuna mama yako," alikuwa akisema, na tulijua hatanii.

Tungeacha kucheza, sivyo? Hatukuacha. Alasiri za Jumapili hazikuwa na jingine la kufanya, na nadhani nyanya aliona kwamba siku tutakayokunja karata tutakuwa tumekiri jambo.

Jumapili ya kwanza nilijaribu kudanganya. Nilikuwa na karata za ovyo, nikabadilisha moja kwa nyingine ya rundo, nikasukuma maharagwe yangu yote kwa mikono miwili. Nyanya alinifuata bila kupepesa, akanila. Nilichota maji wiki nzima, nikingoja kioski tangu asubuhi. Jumapili ya pili nilifanya vilevile: karata za ovyo, nikabadilisha moja, mikono miwili, nikameza mate palepale nilipomeza mara ya kwanza. Akanila tena, akacheka mpaka akashika ubavu. "Huyu mtoto hajui uongo! Shingo yake inamsema!"

Ile ya pili, rafiki yangu, niliipanga. Nilinunua kitu kwa mitungi ile. Mpaka leo, nikikumbuka kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili aliweza kufikiri hivyo, najivunia. Kisha najisikia baridi.

Jumapili ya tatu nilipata wafalme watatu. Nilikuwa na haki ya kubadilisha karata mbili, lakini nilibadilisha moja tu, kama kawaida ya uongo wangu, nikabaki na sita isiyo na kazi. Karata iliyokuja ilikuwa mfalme wa nne.

Jirani aliziangalia zake, akazilaza. Nyanya hakubadilisha hata moja. Nilijua maana yake: alikuwa na karata nzito, na angeweza kuniogopa tu kama ningeitisha kidogo, maana kidogo ndiyo njia aliyonifundisha ya kutoza mtu. Kwa hiyo nilisukuma yote. Mikono miwili. Nikameza mate.

"Tena?" nyanya alisema. "Mama, mjukuu wangu, hukuchoka kubeba?"

"Sijachoka."

"Rudisha nusu. Nakuonea huruma."

"Kama unaogopa, laza."

Jirani alipiga kofi paja lake. "Wee! Msikilize huyu! Nyanya, unaambiwa laza!"

Nyanya alisukuma yake yote na kufunua malkia watatu na saba mbili. Nikaweka wafalme wangu mmoja mmoja, polepole, kila mmoja juu ya kreti. Bati la tangi lilikuwa likialika kwa jua.

Kisha nyanya akacheka, cheko ambalo sikuwahi kulisikia kwake, la chini, karibu la heshima. "Umenila," alisema. "Umenila na kijiko changu."

"Ishirini," jirani alisema, naye hakuwa akicheka tena. "Yeyo, mama yangu, mwaka huu? Kioski imefungwa. Msamehe huyu mzee, mtoto. Mcheze ingine."

Nyanya alinigeukia. Hakuomba. Lakini aliningoja, na kama ningesema neno moja tungerudisha maharagwe kwenye kopo. Nilikuwa nimebeba wiki mbili kwa ajili ya dakika ile.

"Aliyeshindwa anabeba mwenyewe," nikasema.

"Hivyo ndivyo," nyanya alisema, akanisukumia maharagwe yote. "Nilimfundisha. Nitalipa."

Ng'ambo ya njia mwenye duka aliingia ndani na kufunga mlango, ingawa jua lilikuwa bado juu.

Kwa ukame ule wiki moja haikumtosha; alilipa mtungi mmoja kila siku. Akishautua mlangoni alinyosha mkono, nami nilimrudishia haragwe moja, akalitia kwenye kopo, likalia *ti*. Mama alimsifu kwa bidii yake, hakujua. Siku za kwanza nilipokea mtungi wangu kama malkia. Baadaye niliona magoti yake yana alama za kokoto, na viatu vyake vina tope jeupe ambalo halikupatikana kwenye kioski. Nilijua tope la wapi. Nilitaka kusema. Kila asubuhi nilisema kesho.

Siku ya kumi na nane alichelewa. Jirani ndiye aliyekwenda kumtafuta, akaona mtungi kwanza. Ulikuwa ukingoni mwa shimo, umejaa, umesimama wima vizuri, lakini hauna kifuniko. Kifuniko alikuwa amekirudia. Walimkuta chini kwenye mawe, nacho kiko mkononi.

Walimpeleka hospitali Kajiado kwa pikapu. Hakurudi akiwa hai.

Jirani aliubeba ule mtungi mpaka kwetu, akautua mlangoni mbele yangu, mahali palepale. Hakuniambia kitu siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na hakuwahi kumwambia mama. Maji yale yalipikia waombolezaji chai, bila maziwa, maana hayakuwepo. Nami nilichukua haragwe moja nikalitia kwenye kopo, kwa sababu ule mtungi ulifika, na nyanya alikuwa ameulipa.

Nimeshinda mengi baada ya hapo. Dubai niliuza manukato, na hakuna aliyejua kumwitisha mteja bei kama mimi: nilitazama viatu, nikatazama macho, nikataja kiasi ambacho angesema hiki si kitu. Wenzangu waliniuliza nimejifunzia wapi. Nilisema chuoni. Niliporudi, mafundi walishangaa kwamba nachimba kisima kabla ya msingi wa nyumba. Niliwaambia ni hesabu ya biashara, nao wakaniona mjanja.

Lile shimo limefukiwa. Juu yake kuna jumba la ghorofa nne lenye vioo vya buluu, na watoto wanaoishi humo hawajui kugonga tangi na kusikiliza. Vijana hucheza kamari kwenye simu, kila mmoja peke yake, hana hata mtu wa kumwangalia usoni. Uwanda wote umejaa kuta. Jirani yetu alihamia Kimuka kwa mwanawe kabla sijarudi. Karata sijui zilikwenda wapi.

Kopo ninalo. Na pembeni, ndani ya kikaratasi, yamo maharagwe mawili ambayo sijayarudisha.

Kila Jumapili alasiri hujaza mitungi miwili, huifunga vifuniko kwa mkono wangu, hukaza mpaka kidole kiniume, na kuiweka nje ya geti. Apitaye huchukua. Wanasema yule mama wa Dubai ana moyo. Mimi, ambaye napenda sifa kuliko chakula, hiyo moja huiacha ipite, narudi ndani kabla mtu hajanishukuru.