Pembeni Umepima?

Mwanangu, ipo asubuhi moja nisiyoisahau. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, viwanda vya minofu ya sangara vikaota ufukweni hapa Mwanza, nami nikaajiriwa katika kimojawapo kama fundi umeme. Nilikuwa binti pekee karakana nzima, nina cheti, na kichwa kimenivimba.

Kila zamu ilipoisha, meza zilioshwa kwa mpira wa maji. Kwa hiyo fundi mkuu, Mzee Masalu, alikuwa na desturi yake: kabla ya kuwasha, anafuta kwa kitambaa kikavu kingo za ubao wa plastiki ngumu ulioshikilia swichi kwenye meza ya chuma. Nilimcheka kimoyomoyo. Ubao ule ni kihami, haupitishi umeme, sasa unafutwa wa nini?

Siku hiyo nilipima katikati ya ubao. Mshale wa mita haukutikisika.

"Na pembeni umepima?" aliniuliza.

"Mzee wangu, kihami ni kihami."

Akaenda kuchukua kitambaa. Sikumngoja, nikawasha. Kabula, mkata minofu kutoka Kisesa, akaweka mkono juu ya meza, na umeme ukamnasa hapo hapo. Mafuta ya samaki na maji vilikuwa vimefanya utando ukingoni mwa ubao, umeme ukapitia humo hadi kwenye chuma. Mzee Masalu alikimbilia swichi kuu akazima.

Kabula alipona, ila vidole vyake viwili havikukunjika tena. Nilimwomba radhi nikilia. Mzee aliniambia tu, "Binti, nilikuuliza swali. Ulijibu bila kupima."

Juzi mjukuu wangu anayesoma fizikia alinieleza kuwa ipo maada ambayo ndani haipitishi umeme, lakini kingoni elektroni hupita vizuri, zikikutana na dosari huizunguka na kuendelea. Hiyo ndiyo asili yake, anasema, wala si uchafu. Utando wetu kiwandani ulikuwa uchafu. Hata hivyo nilimkumbuka Kabula.

Basi mwanangu, usikitolee kitu hukumu kwa kukipima mahali pamoja. Na mkubwa wako akikuuliza swali unaloliona la kipuuzi, nenda ukapime kwanza, ndipo umjibu. Kiburi kilikuwa changu, vidole vilikuwa vya mwenzangu, na aibu ya siku ile haijaniisha mpaka leo. Mungu ailinde mikono yako, na zaidi ailinde mikono ya wale wanaoamini kwamba umepima.