Kirangozi Hapitwi

Sikufika kileleni. Haya, nimesema. Kwa zaidi ya miaka arobaini nimelikana jambo hili kwenye harusi, kwenye matanga, na mara moja nikiwa nimelazwa hospitali na dripu mkononi, pale binamu yangu Mihayo alipokuja kunijulia hali na mfuko wa machungwa akaona hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kuniuliza. "Hata sasa, dada? Hata na hali hii?" Nikamjibu kwamba nilifika, na kwamba machungwa yake ni machachu. Leo naungama kwa hiari, maana aliyekuwa na haki ya kunishtaki amejitoa mwenyewe kwenye kesi.

Ninyi mliokulia wakati wa Mwingereza mtanielewa. Siku zile mtoto hakununuliwa mchezo. Mchezo ulitoka kichwani mwake, na vifaa vilitoka jikoni kwa mama bila ruhusa. Shuleni tulikaririshwa milima na mito ya Uingereza tukaimba kama kasuku, ila hakuna mwalimu aliyewahi kututajia mlima tuliokuwa tukiuona dirishani. Tukitoka shule tulipita porini kuokota matunda ya furu, tukafika nyumbani midomo myeusi na kuapa kwamba hatujala kitu. Kisha tulicheza msafara.

Babu yetu, mzee Maganga, alikuwa mpagazi katika ujana wake, kabla reli haijaja kuwapokonya Wanyamwezi mizigo vichwani. Kwa jinsi alivyosimulia, hakuna jino la tembo lililowahi kufika pwani bila kupita begani kwake. Alituonyesha kovu la bega, akatuimbia nyimbo za njiani, nyingine mpaka bibi akamwambia anyamaze kwa kuwa watoto wanasikia. Na alitufundisha sheria moja, akairudia kama sala: kirangozi hapitwi. Kirangozi ndiye aliyeutangulia msafara na bendera, akashika njia. Akisimama, wote wamesimama. Akiketi, hapo ndipo kambi. Anayempita anatozwa kondoo. Sisi kondoo hatukuwa naye, kwa hiyo mkosaji alitozwa matobolwa yake yote, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa juani. Sijapata kumwona mtoto wa Unyamwezi aliyekuwa tayari kupoteza matobolwa kwa ajili ya haraka.

Kirangozi nilikuwa mimi. Sikuchaguliwa. Nilikuwa na sauti kubwa kuliko wenzangu, nilimzidi Mihayo miezi michache, na nilikuwa na bendera: fimbo yenye kitambaa chekundu ambacho mama alikitafuta sana, kwa kuwa kilikuwa mfuko wa gauni lake. Salma, binti wa mshonaji kutoka mjini Tabora aliyefungua kibanda karibu na stesheni ya Igalula, alikuwa tajiri mwenye mali, kwa sababu alikuwa na viatu. Alitembea chini ya mwavuli uliobaki mifupa mitupu, akilalamikia jua. Mpagazi alikuwa Mihayo. Alibeba pembe za ndovu, yaani mihogo iliyofungwa kamba. Tatizo kubwa la biashara yetu ni kwamba pembe zilikuwa zinaliwa. Kila tulipofika pwani, hatukuwa na cha kuuza.

Pwani yetu kwa kawaida ilikuwa kisimani. Lakini nyuma ya kijiji kulikuwa na mlima wa majabali tuliouita Lugulu tu, yaani mlima kwa Kinyamwezi, maana hatukuwa na mwingine wa kuuchanganya nao. Ulisimama mpakani. Upande wetu nchi ya mtemi wetu, upande wa pili nchi ya mtemi mwingine, ambako watu, kwa mujibu wa bibi, hawakujua kupika mlenda. Wasichana hatukuruhusiwa kuupanda. Mama alisema msichana anayepanda majabali atazaa pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe mwenye sura ya panya aliyevimba na kelele za mtu anayechinjwa.

Siku moja babu alitoa kwenye mkoba wake njuga, kengele ndogo ya shaba aliyoifunga mguuni enzi za safari. Akaitikisa. Nasikia mlio ule hata sasa.

"Ukisimama kwenye kilele cha Lugulu mvua ikiwa imeosha anga," alisema, "unaiona bahari. Kirangozi atakayewafikisha wenzake mpaka pale wakaiona, njuga hii ni yake."

"Na kama kirangozi ni mwanamke?" Mihayo aliuliza, kwa nia mbaya.

"Mke wangu huyu," babu akajibu, akinishika kichwa, kama mababu wanavyowatania wajukuu, "atafika kabla yako."

Tuliondoka mvua ya kwanza ilipokata. Nilitangulia na bendera, nikiimba. Nusu ya kwanza ya mlima nilikuwa shujaa. Niliruka mizizi, nikawakemea wenzangu wakivuta miguu. Tukapumzika mara kwa mara, na kila mapumziko pembe za ndovu zilipungua. Mwishowe tukatokea kwenye jabali bapa, pana kama uwanja wa kuanikia mtama. Juu yake ulisimama mwamba mmoja laini, na njia pekee ya kuupanda ilikuwa ufa mwembamba uliokwenda wima. Nikawaambia wenzangu wasubiri. Nikaenda kuuchungulia.

Niliweka mguu mmoja kwenye ufa. Nikatazama juu, nikaona mawingu yanakimbia, na mwamba ukawa kama unaniangukia. Nikatazama chini, nikaona vichwa vya miti. Wakati huohuo pimbi aliyekuwa ndani ya ufa akapiga ukelele usoni kwangu. Sikumbuki nilivyoshuka, ila gauni langu lilikumbuka, maana makalio yake yalibaki pale.

Nikarudi kwa wenzangu nikitembea kinyumenyume, kwa heshima ya gauni. Nikasimika bendera katikati ya jabali bapa.

"Tumefika," nikatangaza. "Hiki ndicho kilele."

Mihayo aliweka mihogo chini. "Kilele gani, na kule juu kuna jiwe lingine?"

"Lile si letu. Mpaka unapita hapa. Lile ni la mtemi wa upande wa pili."

"Nani kasema?"

"Kirangozi."

"Basi twende huko kwa huyo mtemi wa pili. Mimi naenda."

Alipiga hatua. Nikaona njuga inaniponyoka. Ndipo Mungu, ambaye huwahurumia hata waongo wadogo, akanikumbusha hadithi za babu: misafara haikuvuka nchi ya mtemi bila kumlipa ushuru, ambao uliitwa hongo.

"Hongo mnayo?" nikauliza.

Sote tukatazama mzigo. Ulikuwa umebaki mhogo mmoja, nao una meno ya Salma.

"Pembe mmekula wenyewe," nikasema kwa masikitiko makubwa. "Sasa mnataka kupita kwa mtemi wa watu mikono mitupu? Tutafungwa."

"Mimi sifungwi," Salma akasema haraka. "Baba yangu ana heshima zake."

Mihayo alinitazama, akautazama ule mwamba, akapapasa mfuko wake wenye matobolwa. Alijua namdanganya. Lakini kirangozi alikuwa ameketi, na kirangozi hapitwi. Akaketi.

Ikabaki bahari. Nilinyoosha fimbo kuelekea mbali, ambako mbuga iliyojaa maji ya mvua ilikuwa inametameta.

"Ile pale."

"Naiona!" Salma akapiga kelele. "Na meli naiona! Inatoa moshi!"

"Meli gani inapiga honi ya garimoshi?" Mihayo akauliza.

"Wewe umewahi kusikia honi ya meli?" Salma akamgeukia. Hakuwahi. Wala sisi.

Jioni tulisimama mbele ya babu, mimi nikiegemea ukuta muda wote kwa sababu ya gauni. "Mmeiona bahari?" Salma akaapa. Nikaapa. Mihayo alisema, "Nimeona maji." Babu akacheka mpaka akakohoa. Bibi, aliyekuwa anatwanga karanga, hakuinua hata uso.

"Waulize na wao wakuulize," alisema. "Wewe uliyeugua tumbo hata Ugogo hamjafika, ukarudishwa, bahari uliionea wapi?"

Babu akaacha kucheka. Akaniwekea njuga kiganjani, akavikunja vidole vyangu juu yake. "Nenda kalale, mke wangu. Kirangozi haulizwi sana."

Nilikua. Nilisoma mpaka chuo kikuu, ambako mhadhiri mmoja mwenye miwani alitueleza kwa muda mrefu kwamba mipaka ni kitu kilichobuniwa na watu kwa manufaa yao. Wenzangu waliandika kwa bidii. Mimi nilitoka nje kucheka. Uhuru ulikuwa umekuja, tawala za watemi zikafutwa, mipaka yao ikaondoka nazo. Ukabaki mmoja tu, wa kwangu, na mlinzi wake mmoja. Njuga imekaa mezani pangu tangu nilipoanza kuandika, ikizuia karatasi zisipeperuke, na kila Mihayo alipokuja aliitikisa na kusema, "Mali ya wizi hii." Alikula kiapo: akistaafu atapanda Lugulu mpaka juu kabisa, anipigie simu kutoka huko, kisha aje kuchukua haki yake.

Siku hizi, kwa kweli, watoto wanapanda milima kwa ajili ya afya. Wanavaa viatu maalumu, wanabeba maji ya chupa kama wagonjwa, na wakifika juu hawatazami kitu, wanatafuta mtandao. Hakuna anayewakataza, kwa hiyo hakuna utamu. Waulize wangapi wamewahi kuchana gauni mlimani, wakavuka mpaka wa nchi na kuiona bahari toka Tabora, wakarudi nyumbani kabla ya ugali. Tulikuwa hatuna kitu, na dunia ilikuwa kubwa kiasi cha kutosha uongo wetu wote. Sasa imepimwa yote, na mtu anaweza kukupigia simu akiwa juu ya jabali.

Ndivyo alivyofanya Mihayo, Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nimeambiwa kwamba amestaafu, amerudi, na asubuhi ile ameondoka na wajukuu wake kuelekea Lugulu. Nikaifuta njuga vumbi. Nikaifunga kwenye kipande cha kitenge, kama mtu anayefungasha mali ya mwenyewe, nikakaa karibu na simu. Meza ilionekana tupu vibaya sana.

Ikalia.

"Dada," alisema. Alikuwa anahema.

"Umefika?"

Akasema, kwa sauti ya chini, "Nipo kwenye lile jabali bapa."

"Na ule ufa?"

"Goti limekataa. Tena, dada... bado kuna pimbi humo. Amenipigia kelele."

Nyuma yake sauti ya mtoto ikapaa: "Babu, twende! Kilele kile pale! Babu, tutangulie sisi?"

"Wanataka kunipita," Mihayo akaninong'oneza. "Niwaambieje?"

Nikaanza kufungua kitenge, taratibu.

"Waulize kama wana hongo."

Nikamsikia akiwauliza, kwa sauti nzito nisiyopata kuisikia kwake. Pakatokea ubishi mrefu. Akarudi kwenye simu. "Walikuwa na biskuti. Wamekula."

"Basi hawapiti," nikasema, nikairudisha njuga mahali pake juu ya karatasi. "Na bahari, Mihayo? Unaiona?"

Nikamsikia akiwaamuru wajukuu waketi.

"Naiona, kirangozi," akasema. "Tena kuna meli."