Fulana Kumi na Mbili za Shangazi

Mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja, watu wa mtaa walimpa jina la Mizani, na si kwa sababu ya uadilifu. Ni kwa sababu hakuna kitu alichoweza kukichagua bila kukipima kwanza. Akienda kununua kandambili, mwenye duka anamvutia kiti. Mimi ni mwalimu wa chekechea, nina watoto arobaini darasani ambao hawajui kufunga kamba za viatu, na nakwambia kati yao wote hakuna aliyewahi kunichosha kama huyu mwenye ndevu niliyemwachia sebule yangu.

Sebule nilimpa kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Alikuja na begi moja na wazo moja: kuchapisha fulana za watu, kila mtu na picha na maneno anayoyataka. Nikamwambia, "Karibu, mwezi mmoja tu." Tukaingia mwaka wa pili.

Alianza na fremu. Ni fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba cha wavu. Unaziba pale usipotaka rangi, unailaza juu ya fulana, unamwaga wino, unaukokota kwa kipande cha mpira, ukiinua mchoro umebaki. Kazi safi, sikatai. Lakini rangi moja fremu moja, rangi tatu fremu tatu, na kila fremu lazima ioshwe. Inaoshwa wapi? Bafuni kwangu! Bafu likawa la buluu, sabuni ikawa ya buluu, na mume wangu, mtu mpole asiye na neno, akaenda kazini na kisigino cha buluu hadi wenzake wakamshauri akamwone daktari.

Baadaye akapata mashine ya kubana. Kwa mashine hiyo, picha unaichapa kwenye karatasi maalumu, unailaza karatasi juu ya fulana, mashine inabana kwa joto, unabandua, picha imehamia na rangi zake zote. Hakuna kuosha kitu. Nilipoiona nilitaka kuikumbatia. Na kana kwamba mbili hazitoshi, alikuwa anaiota ya tatu, dude kubwa linalotema wino moja kwa moja kwenye kitambaa. Picha yake aliibandika ukutani, pembeni ya picha ya harusi yangu.

"Fremu inadumu, dada, ila haina urembo," alizoea kusema. "Karatasi ina urembo, ila..."

"Ila nini?"

"Ndiyo napima."

Basi siku moja Mizani akapenda. Binti mwenyewe alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi la shangazi yake, aliyemlea tangu mchanga. Mizani alimwona mara moja tu, amebeba bunda la mashuka, akarudi nyumbani akasema, "Dada, nimempata, ni huyo huyo." Nikakaa chini. Mtu ambaye hajawahi kuwa na uhakika na soksi!

Tukaenda kujitambulisha. Shangazi alitusikiliza huku anakunja mashati ya watu, hakosei hata kola moja. Tulipomaliza akauliza, "Huyu si ndiye yule wa kandambili?"

Nikaitazama sakafu. Habari mbaya ina miguu.

"Sikia, baba," akamwambia. "Hapa nina wapiga pasi kumi na mbili, pamoja na huyu mtoto wangu. Nitengenezee fulana kumi na mbili za duka. Nakupa mwezi. Mwanaume mimi namjua kwa kazi yake. Zikidumu, njoo tuzungumze habari za ndoa. Zisipodumu, usinipitie mlangoni hata kwa kufua leso."

Binti akatuangalia kwa nyuma ya shangazi yake kwa macho ya kuomba.

Wiki ya kwanza alichapa moja ya majaribio kwa fremu: picha ya pasi, chini yake maneno DOBI WA UHAKIKA, buluu tupu, yamepinda kidogo kulia. Akaitundika, akaitazama siku nne. Siku ya tano nikaitundua nikaifanya dekio la bafu, maana uchafu ule ulikuwa wake na fulana ilikuwa yake. Yeye bado alikuwa anapima.

Zikabaki siku tatu. Narudi kutoka kazini, nafungua bafu, taulo langu jeupe, zawadi ya mama, limekuwa la buluu. Hapo nililipuka.

"Wewe! Huyo shangazi wa watu unampelekea fulana au magunia? Tumia karatasi! Weka uso wake pale kifuani, rangi zote, anatabasamu. Mwanamke gani hapendi kujiona?"

"Lakini dada, wale ni madobi, na mimi nilikuwa napima kwamba..."

"Usipime! Nimeshakupimia!"

Akaniangalia kidogo, akaenda kwenye karatasi. Na mimi nikalifua taulo langu nikijiona nimeokoa ndoa.

Jumamosi tukapeleka. Jamani, zilipendeza! Shangazi alijiona mara kumi na mbili, akashindwa kujizuia, akatabasamu. Tulirudi nyumbani tunatembea katikati ya barabara.

Jumatatu asubuhi, shule zimefungwa, nadeki korido, mara binti anaingia mbio, kanga mkononi, anahema. "Wifi, funga mlango! Anakuja!"

Nikamtoa maneno kwa shida. Kumbe dobi havai nguo mpya kabla hajaipiga pasi. Kwao ni sawa na kuvaa nguo ya mtu mwingine. Wote kumi na wawili walifika kazini na fulana zao mkononi, wakazitandaza, wakashika pasi zilizokwisha kupata moto kwa ajili ya mashuka ya nyumba ya wageni, wakazikandamiza juu ya uso wa shangazi. Pua ndiyo iliyotoka kwanza, ikanata kwenye pasi. Wengine hawakugundua. Walivaa fulana, wakahamia kwenye mashuka, pasi ile ile. Mpaka mtu anapiga kelele, shangazi alikuwa anawatabasamia wageni kwenye mashuka tisa na foronya mbili.

Sijamaliza hata kusema "Mungu wangu," akaingia mwenyewe. Mkono mmoja pasi, mwingine foronya. "Yuko wapi?"

Hofu ikanishika, kazi yangu ikajisemea yenyewe. "Keti vizuri," nikamwambia. "Kunja mikono."

Akaketi! Kisha akakumbuka yeye ni nani, akasimama, akaigeuza pasi. Chini yake palikuwa na jicho moja na nusu ya midomo. "Huyu ni nani?"

Mizani akatoka sebuleni, uso umempauka. Binti akaanza kulia, si kilio cha deko, kile cha kimya kinachotikisa mabega.

"Nilisema zisipodumu..." shangazi akaanza.

Niseme ukweli, kwanza nilitaka kunyamaza. Nilikuwa na aibu. Lakini nikamtazama mdogo wangu, na mtu pekee aliyewahi kumchagua bila kupima akiwa analia kwenye korido yangu, na dhamiri ikanisuta. "Ni mimi, mama," nikasema. "Yeye alitaka fremu. Nilimlazimisha kwa ajili ya bafu langu."

"Hapana," Mizani akadakia, haraka mpaka nikashtuka. "Dada alipiga kelele tu. Mkono uliobana mashine ni wangu. Nilijua ninyi mnapiga pasi kila kitu, nikaogopa kusema. Kosa ni langu."

Shangazi akamtazama. Halafu macho yake yakashuka mkononi kwangu. "Hicho nini?"

"Dekio."

"Lete."

Akalikamua, akalitandaza. DOBI WA UHAKIKA, limepinda kulia. Akanusa. "Umelifulia nini?"

"Sabuni ya unga. Na dawa ya madoa. Wiki tatu sasa, kila siku."

Akaagiza pasi yangu, akaiacha mpaka ikapata moto, akalaza dekio langu juu ya meza ninayolia chakula, akaegemea kwa uzito wake wote. Mvuke ukapanda. Akainua. Akakwangua kwa kucha. Hata nukta haikutoka.

"Limepinda," akasema.

"Limepinda, mama," Mizani akajibu.

"Lakini lipo." Akachukua foronya yake na pasi yake. "Kumi na mbili kama hili. Zinyooshe. Na Jumapili uje na watu wako tuzungumze." Mlangoni akanigeukia: "Na wewe, mwalimu, siku nyingine usiniambie nikunje mikono." Nikaitikia, "Ndiyo, mama," nikagundua aliyekunja mikono ni mimi.

Sasa Mizani na mkewe wana vyumba vyao viwili na bafu lao, na limeshakuwa la buluu. Langu ni jeupe. Unyayo mmoja tu wa buluu wa mdogo wangu umebaki karibu na mlango, na kila nikitaka kuusugua mkono unakuwa mzito. Sebule ina nafasi hadi inaniudhi.

Juzi nilikwenda kuwatembelea. Kitandani niliikuta ile foronya, zawadi ya harusi kutoka kwa shangazi: jicho moja, nusu ya tabasamu, imepigwa pasi kwa ndani.

"Unalalaje na hiki?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Upande huu ananitazama, dada. Nikiugeuza, najua yupo chini."

"Si uchague upande mmoja!"

Akaushika mto, akaugeuza, akaugeuza tena. Mkewe akanikonyeza.

"Napima," akasema.