Barua Kupitia kwa Meneja

Julai 1986, Hermani Sulle alikuwa na miaka thelathini na moja, shahada ya uhandisi, na kombaini kumi na nne za kutunza katika shamba la serikali la ngano, tambarare za Hanang. Alitaka kuziacha. Kwa miaka sita aliona mashine zikilala kwa kukosa beringi iliyoagizwa Machi ikafika Novemba, na ucheleweshaji huo hauna spana yake. Dawa yake, alidhani, ilikuwa chuo cha biashara ng'ambo.

Fomu ya maombi ilitakiwa wizarani, Dar es Salaam, kabla Agosti haijaisha, ikiwa na ruhusa ya mwajiri. Jumapili moja alipanda basi hadi Haydom, kwa Bwana Felician, mhasibu mstaafu, mtu pekee aliyemjua aliyewahi kusoma chuo cha aina hiyo. Alimkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete hiyo karatasi. Na wewe pukuchua, mikono isikae bure."

Felician alisoma mara mbili maelezo ambayo Hermani aliandika kuhusu kazi yake.

"Tulifunga, tulirekebisha, tulishauriana. Wanachukua mtu mmoja hawa, au ukoo mzima?"

"Kazi hatufanyi peke yetu, mzee."

"Mimi najua. Wao hawajui. Ukienda hivi, usiharibu stempu."

"Sasa niandike nini?"

"Usipokuwepo, kinasimama nini? Andika hicho."

Hermani alilelewa Maretadu, ambako mtu akianza kujisifu huachwa amalize, kisha mazungumzo yakaendelea na mwingine. Ilimchukua siku tatu kuandika sentensi moja: Nisipokuwepo, uvunaji husimama. Chini yake akaweka ushahidi. Msimu uliopita alikwenda kumzika mjomba wake, na katika siku nne hizo kombaini tisa zililala shambani.

Lakini mtumishi wa serikali hatumi mwenyewe fomu wala barua yake ya maombi. Huandika "kupitia kwa Meneja", akaiacha wazi masjala, nayo hupanda mezani kwa bosi kabla ya kwenda popote. Hermani aliujua utaratibu huo, Felician pia. Walimfikiria sana msomaji wa mwisho, wakamsahau wa kwanza.

Tarehe kumi na tisa Agosti, meneja, Mzee Akonaay, alimwita ofisini.

"Injinia, nimeisoma. Umeandika vizuri sana."

"Asante, mzee."

"Ni kweli haya?"

Hermani aliona swali linakokwenda, na hakuona pa kukwepea. Akikana, fomu yake ni ya uongo.

"Ni kweli."

"Sasa mimi nitakuruhusuje?"

Meneja hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kumfunga Hermani mdomo. Mtu mbaya angeweza kushtakiwa mkoani.

"Mzee, naomba niandike upya. Fundi Gidabuday anaweza kushika karakana."

"Andika kwamba hatukuhitaji, nasaini sasa hivi. Ila hao wa chuo, watamtaka mtu ambaye kwao hahitajiki?"

Meneja aliandika pembeni mwa barua, taratibu, kwa mwandiko mzuri: Asiruhusiwe kwa sasa. Ni mtumishi wa lazima. Aombe tena mwakani. Akagonga muhuri.

"Usinune. Mwakani si mbali."

Mwakani Hermani angekuwa na miaka thelathini na miwili, na fomu ilitaka mtu ambaye hajafika umri huo. Alimwambia meneja hivyo. Meneja aliisoma tena fomu, akavua miwani, akasema anasikitika. Ilionekana anasikitika kweli.

Nje, Gidabuday alikuwa anamsubiri juu ya trekta, mikono imejaa grisi.

"Vipi, Injinia, unatuletea nini kutoka Ulaya?"

"Amekataa."

"Umemkosea nini?"

"Sijamkosea. Anasema nafaa."

Gidabuday alianza kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Pole. Na kwetu ng'ombe mwenye maziwa ndiye asiyeuzwa." Akajifuta grisi mikononi. "Kombaini namba sita imezima. Toka saa tatu asubuhi."

"Ina nini?"

"Sijui. Hatujaifungua. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Hermani alikuwa amevaa shati jeupe. Akakunja mikono yake hadi juu ya viwiko, akapanda trekta.