Usimwite Mwenye Eda Stesheni

Nakumbuka asubuhi niliyopanda boti kwenda Salale, kijijini kwetu kwenye delta ya Rufiji, kumsomea mama mpango wangu wa safari. Mwanangu unayesoma, nakuita hivyo ingawa huenda hatupishani sana umri. Sina mvi. Mimi ni mtu wa wasiwasi tu, niliyejifundisha kompyuta mwenyewe kwenye duka la kuchapa pale Kibiti, na hata sasa nikifunga mlango narudi kuusukuma nihakikishe.

Dada yangu Mwajuma alikuwa amefiwa na mume huko Italia, katika mji mdogo kando ya ziwa, ambako shemeji alikuwa mpishi. Hawakujaliwa mtoto. Akakaa eda peke yake katika chumba cha ghorofani. Majirani wa kule walikuja mara moja na maua, wakazungumza kwa sauti ya chini, wakaondoka. Viza zetu zilichelewa, na tulipozipata zilikuwa za siku chache. Mimi na mama ndio tuliokuwa twende.

Nikaanza kupanga. Treni ya kwanza ingetutoa Milano, kisha tushuke stesheni ndogo tupande nyingine inayofuata ukingo wa ziwa. Muda wa kubadilisha ulikuwa finyu. Niliisoma ratiba kwenye simu mpaka nikaiota. Nilitazama picha za stesheni ile mpaka nikajua benchi lilipo na ngazi zinazopita chini ya reli. Nikapanga na siku za kukaa: siku ya kaburi, siku ya soko, siku ya kuvuka ziwa, maana nilitamani kuiona ile milima iliyosimama majini. Naona haya kuandika, lakini nilitamani. Bado ile treni ya pili ilininyima usingizi. Nikamwandikia Mwajuma aje atungojee kwenye stesheni ile ya kubadilisha. Akajibu neno moja tu, nitakuja, nami nikapumua.

Mama alikuwa anamenya kamba nilipomsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

“Mwanaidi, hata saa ya kwenda chooni umetupangia,” akasema. Nikacheka. Yeye hakucheka. “Na tukifika, ndani atakuwa nani?”

Nikamweleza tena kwamba dada angekuwa nasi, ametupokea njiani.

“Mwenye eda atoke atufuate sisi? Baba yako alipokufa, watu walikuja hapa maji yamekupwa, boti haziingii. Walishuka kwenye tope, wakaja wamechafuka mpaka magotini. Wengine wazee. Hakuna aliyeniita gatini nikamshike mkono.”

Akaendelea kumenya. Jioni nilimwandikia Mwajuma asitoke, nikarudi kuisoma upya ratiba ya ile treni ya pili.

Nilichokiogopa kikatokea. Treni ya kwanza ilichelewa, ya pili ikatuacha. Tulikaa kwenye lile benchi nililolijua kwa picha, mvua inanyesha, mama amejifunga kanga juu ya sweta, hakuna wa kumuuliza. Nilitoa simu nimpigie dada. Mama akaifunika kwa kiganja. Tulingoja treni nyingine, tukaipanda, tukashuka, tukapanda mtaa wa mawe huku mama akisimama kila baada ya hatua chache kushika kiuno.

Kwenye ngazi za nyumba mama alianza kulia kwa sauti, kama tunavyolia kwetu mtu anapokaribia penye msiba. Nilitaka kumnyamazisha kwa ajili ya majirani. Ndipo nikasikia Mwajuma naye akijibu kutoka ndani. Tangu azike hakuwa amelia na mtu.

Siku zote zile hatukwenda popote. Mama alipika, akamlisha kwa mkono. Ziwa nililiona dirishani, la kijivu, na sikuwa na hamu nalo tena.

Siku ya mwisho Mwajuma aliniambia, bila kunilaumu: “Uliponiandikia nije, nilivaa viatu nijaribu njia. Nikafika kwenye kona, nikaona watu wanatembea na maisha yao. Nikarudi. Mpaka uliponiandikia nisitoke, nilikaa nawaza mtafika pale mnikose, mdhani nimewatupa.”

Alibaki mlangoni, eda yake haijaisha. Hakutusindikiza, nasi hatukugeuka kumtazama mara ya pili, kwa sababu mama alisema tukigeuka hatutaondoka.

Basi sikiliza, mwanangu. Panga safari zako, wala sikukatazi. Lakini ukienda kwa aliyefiwa, usimtwike hofu yako aibebe pamoja na yake. Potea njia ukipotea, chelewa ukichelewa, ila fika mwenyewe mpaka mlangoni pake, na ukifika usiwe na safari nyingine moyoni.

Mungu akufikishe salama kwa kila anayekungoja. Na siku yako ikifika ya kukaa ndani na kilio, akuletee watu wasioogopa tope.