Kijivu cha Chini ya Kigoda

Hamasaki wa mjini Kure alikuwa akiunda mfano mdogo wa manowari aliyozama nayo kaka yake. Kila kijivu alichochanganya kilikuwa na ubuluu mno au kimefifia.

"Mzee, umenimalizia vikombe kwa rangi zako!" mkewe Tomoe akalalamika.

"Ile yenyewe siipati, mke wangu."

Tomoe akakipindua kigoda chake cha jikoni. Baba yake, aliyepaka rangi manowari hiyohiyo bandarini, alikuwa amekipaka kwa masalio ya rangi yake. Juu kilikuwa kimepauka, lakini chini kijivu kilikuwa bado kizito.

"Linganisha na hiki, basi."

Hamasaki akachanganya mpaka rangi zikafanana, akaipaka meli. Ilipokauka, akaliita jina la kaka yake kwa sauti, kisha akalia.